Friza ya Nakijwa

"Kipimo cha mlangoni hakijui baridi ya ndani." Mmeisikia leo kwenye kikao, mkauliza imetoka wapi. Imetoka kwa Nakijwa, na ilianza hivi.

Nakijwa aliishi tambarare za Upare, kwenye joto la kupasua midomo. Binti yake, Nahuja, alikuwa na kisukari, na uhai wake ulitegemea sindano za insulini. Hospitali ilikuwa mbali. Nyumbani hapakuwa na friji, ila friza kubwa ya kugandishia barafu za kuuza. Nakijwa aliihifadhi dawa humo, ikaganda yote.

"Mama, iliyoganda imekufa," muuguzi alimwambia. "Hata ikiyeyuka, usimchome mtoto." Akampa dawa ya siku chache tu, ya kutunzwa kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi.

Wakwe wakashauri Nahuja apelekwe mjini kwa shangazi yake.

"Mwanangu hatahamishwa na friza," Nakijwa akajibu.

Akamwita shemeji yake, Mbonea, fundi wa majokofu. Mbonea akafunga kidhibiti joto nje ya friza, kifaa cha kukata umeme baridi ikitosha na kuurudisha joto likipanda. Waya wake wa kupimia akaupenyeza chini ya kifuniko, akauning'iniza papo hapo juu, mlangoni mwa friza.

"Tayari, shemeji. Weka dawa."

Nakijwa hakuweka dawa. Aliweka chupa za maji chini kabisa, pale dawa ingelala. Asubuhi zilikuwa mawe.

Mbonea alikuja akashangaa. "Mbona kinasoma nyuzi tano? Hiyo ndiyo baridi ya dawa!"

Nakijwa akamkabidhi chupa iliyoganda. "Kinasoma hapo mlangoni, shemeji. Huku ndani hakijafika."

Mbonea aliishika mpaka vidole vikamuuma. Kisha akavua koti la kazi, akaanza upya. Ncha ya waya wakaitumbukiza kwenye chupa ya maji katikati ya friza, na kikapu cha dawa wakakiinua kisiguse kuta. Maji yakaganda tena, safari hii nusu.

"Tena," Nakijwa alisema.

Wakarekebisha, wakajaribu, wakarekebisha. Hatimaye akafungua kifuniko, akatikisa chupa moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa baridi, na zote zilikuwa maji. Siku hiyohiyo akaifuata dawa mpya hospitali.

Nahuja akakulia kwao.

Miaka ikapita. Ukoo ukakaa kumhukumu kijana mmoja kwa maneno ya majirani tu. Mbonea akasimama.

"Nani kati yetu ameingia kwake? Nani amemuuliza mkewe? Ndugu zangu, kipimo cha mlangoni hakijui baridi ya ndani."