Nyuzi za Pamba Kilembani

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba huko Bara Hindi palikuwa na ustadh wa uimbaji aitwaye Rahmatali, mcha Mungu asiyeanza somo bila udhu. Kila mwaka, kwenye hauli, kumbukumbu ya kifo cha walii wa mji wao, mwanafunzi wake mmoja huimba kumsifu Mola mbele ya kaburi, baada ya sala ya alfajiri.

Latafati, mwanafunzi wake wa siku nyingi, aliingojea heshima hiyo miaka kumi na miwili. Mwaka ule Ustadh akampa Zahuri, mwana wa mchota maji, aliyekuja juzi tu. Latafati akatabasamu mbele za watu, lakini moyoni aliwaka. Husuda ikamwondolea hata ladha ya ibada. Akisujudu, anamwona Zahuri.

Siku ya hauli akaiendea tambura ya Zahuri, ala ya nyaya nne inayovumishwa nyuma ya mwimbaji ili sauti yake isipotee. Chini ya kila waya huwekwa uzi wa pamba, na pasipo uzi huo waya hauvumi. Akazichomoa nyuzi zote nne, akazificha kilembani.

Watu walipoketi, Ustadh akasema, "Latafati, kaa nyuma ya ndugu yako, umpigie tambura."

Akaipiga. Ikatoa mlio mkavu kama kuni.

"Nani aliiandaa?" akauliza Ustadh.

"Ni mimi, Ustadh," akajibu Zahuri. "Huenda nilisahau nyuzi. Niwie radhi. Kaka Latafati na aimbe, yeye anastahili kuliko mimi."

Ustadh akamwashiria Latafati asogee mbele. Alichokililia miaka yote kikawa chake. Akafumbua kinywa alitaje jina la Mola, jina likakataa kutoka. Basi akavua kilemba mbele ya halaiki, akaziweka nyuzi miguuni pa Zahuri.

"Hakusahau," akasema. "Niliziiba mimi, kwa kijicho."

Ustadh akamwambia, "Miaka yote hii nilingoja useme neno moja bila kujipamba. Zirudishe, kisha umpigie."

Zahuri akaimba mpaka jua likapanda. Watu walilia, wala hakuna aliyemtazama Latafati. Inasemekana wivu ulimchoma bado, ila mkono wake haukuacha kuvumisha.

Ndugu zangu, nasi tunaonuna mwenzetu akisifiwa kisomo chake, kabla ya kulalamika kwamba Mola ametusahau, tuvue vilemba tuangalie kilichomo.