Mwanya wa Mize

Hadithi i mlangoni, mkiitika itaingia. Mmeitika, basi sikilizeni.

Alikuwako binti, jina lake Mize, meno yake yameshikana kama punje za muhindi. Wanawake wa kisimani wakamwambia, "Kicheko kisicho na mwanya, mwanangu, ni nyumba isiyo na mlango." Neno likamchoma. Akaliendea zimwi la pangoni.

"Mwanya nitakupa," likasema zimwi. "Nawe nipe kitu kimoja kinachokuchekesha."

Mize akatoa vituko vya mbuzi wao, akarudi na mwanya.

Kisimani wakamkagua. "Mwanya tumeuona. Vishimo vya mashavuni je?"

Akarudi pangoni, akatoa utani wa babu yake, akapata vishimo.

Kisimani wakasema, "Lakini ufizi wake mwekundu mno. Ufizi mweusi ndio hung'arisha meno."

Safari hii alibakiwa na kimoja tu. Mama yake alikuwa akimwita Kitumbua, na Mize akilisikia jina hilo hucheka hata akiwa analia. Akasita sana mlangoni mwa pango. Kisha akakitoa.

Siku ya posa wanawake walewale wakaketi mkekani. "Haya Mize, cheka tukuone."

Mize akawatazama tu. Wakangoja. Mama yake akamsogelea, akamnong'oneza, "Kitumbua changu."

Mize akageuka, uso mkavu kama kigae. "Kitumbua ni nani, mama?"

Wageni wakaaga. Njiani wakasema, "Mzuri, ila ana kiburi."

Hadithi imetoka. Mlango aufunge mwenye nguvu, mimi sina.