Maji Mdomoni mwa Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Mwenye masikio?
— Ayatege!
Mwenye njaa?
— Avumilie!

Hapo kale mtoto wa Nguchiro aliumwa kikohozi, koho koho, koho koho, usiku kucha. Nguchiro akaweka nadhiri: mwanangu akipona, napeleka kibuyu cha asali kwenye chemchemi ya juu mlimani, kwa miguu yangu. Mtoto akapona. Sasa nadhiri haichezewi, asali isipofika kikohozi kinarudi.

Akaondoka na rafiki zake, Kobe na Kanga. Njiani wakamkuta Fisi.

"Na mimi nakwenda kuhiji," akasema. "Leteni mizigo nibebe. Mabega yenyewe hamna."

Wakampa. Ujinga wao.

Wakatembea, tepe tepe, tepe tepe. Wakapumzika. Fisi akasema, "Mzigo mzito, naupunguza." Nyafu nyafu! Mihogo ya Kobe, kwisha.

Wakatembea, tepe tepe, tepe tepe. Wakapumzika. Fisi akasema, "Mzigo mzito, naupunguza." Nyafu nyafu! Mtama wa Kanga, kwisha.

"Mjomba, sasa sisi tutakula nini?" Kanga akauliza.

"Hija ni kufunga, mwanangu," Fisi akajibu, huku anajilamba. "Kwani nyie imani hamna?"

Nguchiro manyoya yakamsimama mpaka mkiani. Alitaka amrukie shingoni. Lakini kibuyu kiko kwapani mwa Fisi. Akaimeza hasira, ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wakafika chini ya mlima, penye kijito, hija inapoanzia. Fisi akakitazama kibuyu, mate chururu. "Mzigo mzi..."

"Mjomba!" Nguchiro akadakia. "Huko juu kuna ng'ombe mzima, kachomwa! Ni wa yule anayepandisha maji ya kijito hiki mdomoni, akayateme chemchemini. Ukimeza, humpati. Ukifungua mdomo kabla, humpati. Sisi vidomo vyetu hivi..."

Hajamaliza, Fisi keshainama. Gubu gubu gubu! Mashavu yakavimba kama maboga.

Wakapanda, tepe tepe. Hapo sasa Nguchiro akaimwaga hasira yake yote.

"Mwizi wewe! Mihogo ya Kobe umekula?"

"Mmh!"

"Mlafi wewe! Mtama wa Kanga umekula?"

"Mmh!"

"Kobe kachoka. Mbebe!"

Macho yamemtoka Fisi, lakini akambeba.

"Tumbo gunia, akili kisoda!"

"Mmmmh!"

Kufika kileleni Fisi akabwaga mizigo, puu! Akatafuta huku, akatafuta kule. Mawe matupu. Nguchiro akanyakua kibuyu, akamimina asali chemchemini, yote, hadi tone la mwisho.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?" Fisi akabweka.

Pwaaa! Maji yakamwagika miguuni.

"Aah, mjomba," Nguchiro akasema. "Si huyo hapo umemmwaga."

Fundisho, jamani: ukikasirika nyamaza, hasira hasara. Na mkubwa hatukanwi, hasa akiwa hawezi kujibu.

Ngano yangu imefika kileleni. Asali lambeni nyie, maji mwachieni Fisi.