Fisi Mwosha Chungu

Paukwa!

Pakawa!

Na njaa ilikuwepo?

Ilikuwepo, tena ya kutosha wote!

Hapo kale, mwaka wa ukame, ghala lenye mchele lilibaki moja tu, la Fisi. Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto, akaenda kuomba kazi.

"Utapika, utasafisha," Fisi akasema. "Wali wangu, ukoko wako."

Ndiyo ada ya huko: anayeosha chungu ndiye mwenye ukoko. Ada hiyo hata Fisi hakuthubutu kuivunja.

Bi Nguchiro akapika. Fisi akala, nyam nyam! Bi Nguchiro akafagia jiko, fya fya! Akakung'uta mkeka, pu pu! Akasugua chungu kwa majivu na kumbi la nazi, kwaru kwaru! Ukoko? Utando tu, wa kujaa ukucha. Wanawe wakalala wakilia, naye mama mtu moyo ukamuuma sana.

Kesho yake akachochea kuni mpaka moto ukanguruma. Akapalia makaa juu ya kifuniko. Wali ukashika chini, ukashika pembeni, ukashika juu. Katikati yakabaki matonge ya kuonjea.

"Mbona haba?" Fisi akauliza.

"Mchele wa ukame, bwana. Hauvimbi."

Fisi akala, nyam, ukaisha. Bi Nguchiro akafagia, fya fya! Akakung'uta, pu pu! Akabandua ukoko mnene, ko ko ko! Watoto wakatafuna mpaka wakasinzia.

Ikawa hivyo kila siku. Watoto wakaota mashavu, Fisi akaota mbavu. Siku moja akachungulia jikoni, akaona ukoko ulivyo mnene. Roho ikamtoka kwa uchu! Akaita majirani wote.

"Shuhudieni! Kuanzia leo chungu naosha mimi. Ukoko wangu, wali wake!"

"Jamani, mnaona ninavyoonewa?" Bi Nguchiro akalia, akijipaka mate machoni. "Ukoko ndio riziki ya wanangu!"

"Nimesema! Na atakayegeuza neno hili atoke kijijini!"

Majirani wakaitikia, "Tumesikia!"

Siku hiyo Bi Nguchiro akapaka chungu mafuta ndani, akazidisha maji, akapunguza kuni. Wali ukatoka laini, ukateleza wote kwenye sinia. Watoto wakala, nyam nyam!

Fisi akavuta chungu. Akachungulia, cheupe. "Ukoko umejificha," akasema. Akasugua ndani, kwaru kwaru! Akasuuza, chubwi! Hamna. Akasugua nje, kwaru kwaru! Akalamba masizi. Hamna.

"Nguchiro! Rudi uoshe wewe!"

"Mimi tena, bwana? Nifukuzwe kijijini?"

Fisi akatazama majirani. Majirani wakamtazama Fisi. Akainama, akachukua kumbi, akaendelea kusugua. Mchele wake, ghala lake, na masizi hayajamtoka mdomoni mpaka leo.

Hadithi nimeisuuza, nimeifudikiza. Iliyo tamu ilambeni, iliyoungua nirudishieni.

Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: usafi ni shibe. Mwosha vyombo halali njaa hata siku moja. Anayebisha akamuulize Fisi.

Haya, vya leo anaosha nani?