Mwalimu Aliyetia Chaki Mfukoni

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mama mpole, mwenye tabia iliyowashangaza watu. Akishaandika swali ubaoni, anatia chaki mfukoni. Haonyeshi njia. "Njia zipo," huwaambia watoto. "Zitafuteni." Mtoto akipata yake, ndipo anapewa chaki awaeleze wenzake.

Wazazi wakaja juu. Mwalimu gani huyu asiyefundisha? Mwalimu mkuu akamwita. "Siku ya wazazi nitalipima darasa lako mbele ya watu, pamoja na langu. Wako wakishindwa, somo nampa mwingine."

Siku ikafika. Mwalimu mkuu akachora shamba la mstatili, kona moja imemegwa na kisima cha mraba, akaweka vipimo. "Eneo lililobaki la kulima ni kiasi gani?"

Darasa lake, mabingwa wa kukariri kanuni, wakabaki kutazamana. Kanuni ya umbo lile hawakuwahi kupewa.

Binti mmoja wa darasa la yule mama akainuka. "Mimi nimeirudisha kona, shamba likawa zima, halafu nikatoa kisima."

Mwenzake akadakia, "Mimi nimelikata vipande viwili, nikajumlisha."

Jibu lilelile! Niambieni, nani asingepiga makofi?

Mwalimu mkuu akamuuliza binti, "Njia hiyo kakufundisha nani?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeiona mwenyewe."

Baba mmoja akaruka kitini. "Mmesikia? Si tulisema hafundishi!"

Yule mama machozi yanamlengalenga, lakini kichwa kiko juu. "Baba," akasema, "neno hilo la huyu mtoto ndilo nililolifanyia kazi mwaka mzima."

Mwalimu mkuu akaitazama chaki mkononi mwake, akaitia mfukoni. "Kesho," akasema, "njoo unifundishie na darasa langu."

Sasa sisi. Tunapenda mno kusikia, "Baba ndiye aliyenionyesha." Je, mwanao akikuletea njia ambayo hukumpa, unamshangilia au unamfutia? Mimi nawaonea fahari watoto wa kanisa hili, nasema wazi. Vichwa vyao si magunia ya kujazwa!

Mungu alipomletea Adamu wanyama, alimwandikia majina yao? Hapana. Alimletea ili aone atawaitaje. Na kila jina alilolitoa Adamu, Mungu hakulifuta hata moja.