Kisiki Chini ya Mirehani

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika kijiji kimoja cha mabustani huko Yemeni aliishi mcha Mungu aitwaye Abu Wathila, mtu wa saumu na dua. Watu walimletea maji awasomee, wakawanyunyizia wagonjwa wao. Alikuwa mwema kweli, msidhani namsengenya marehemu. Lakini hata mwema ana kisiki chake.

Mtini wake wa kando ya ukuta uliugua, akaukata. Kisha akakuta chini ya gome la kisiki utando mweupe unaonuka uyoga. Alijua maana yake, kwa kuwa baba yake alimfundisha: kisiki cha namna hiyo hung'olewa na mizizi yake yote, kikachomwa, na shimo likaachwa wazi lipigwe jua. Hiyo ni kazi ya siku nne, na Ramadhani ilikuwa mlangoni, wageni wa futari njiani. Abu Wathila akakifukia, akapanda mirehani juu yake. Wageni wakaisifu harufu, naye akawakaribisha futari.

Mwaka haukuisha, Bi Rumaysa akabisha hodi. Alikuwa mjane, jirani yake wa ukuta mmoja, na mkomamanga wake wa pekee ndio uliowalisha mayatima wake watatu.

"Shekhe, mkomamanga wangu unanyauka," alisema. "Nahofia ni jicho la watu, au ni dhambi zangu. Nisomee maji."

Abu Wathila akakikumbuka kisiki chake. Akasoma, akapulizia, akamrudishia mtungi wake. Bi Rumaysa akaumwagilia mti asubuhi na jioni, na kila alipoumwagilia majani yalizidi kupukutika, maana uozo wapenda unyevu. Akarudi na mtungi mara ya pili, akarudi mara ya tatu.

Tangu hapo Abu Wathila hakutulia. Akisimama kuswali, hajui yuko rakaa ya ngapi. Akiketi barazani, anainuka. Akiingia bustanini, anatoka, kwa kuwa harufu ya mirehani imeshamchefua. Alijiambia huenda ni ukame tu. Alijiambia kuwa akisema, watu watavunjika moyo na dua. Nafsi, ndugu zangu, ikitaka kujificha haikosi fatwa.

Alhamisi moja baada ya alasiri Bi Rumaysa akaja tena, macho yamemvimba. "Shekhe, nimetubia kila dhambi niikumbukayo. Nimewaomba radhi hata wakwe zangu walionitesa. Imebaki ipi?"

Abu Wathila akautua mtungi chini, machozi yakamtoka. "Haijabaki yako hata moja," alisema. "Dhambi ni yangu, nimeizika nyuma ya ukuta wako. Nilifukia kisiki kibovu, uozo ukapita chini kwa chini mpaka kwako. Na maji niliyokusomea yameuzidisha."

Mama yule aliyafuta macho yake. Kisha akasema, "Miezi mitatu najiona nimelaaniwa, Shekhe."

"Najua."

"Basi chukua jembe."

Abu Wathila akaing'oa mirehani huku majirani wanachungulia. Akachimba siku nne, akiufuata mzizi mmoja mmoja kwa shoka, na ulipomzuia ukuta akaubomoa. Akavichoma vyote nje ya kijiji, shimo akaliacha wazi. Mkomamanga haukupona, tusidanganyane. Akampa Bi Rumaysa mikomamanga yake miwili iliyokuwa mbali na kisiki, iwe mali yake na wanawe. Watu wengi wakaacha kumletea maji, na waliomcheka walikuwepo.

Mwaka wa pili binti wa Bi Rumaysa akashikwa na homa. Mama yule akaipita milango ya mashekhe wawili, akaja kuutua mtungi miguuni pa Abu Wathila.

"Kwa nini mimi?" akamuuliza.

"Wao sijui wamefukia nini," akajibu. "Wewe nimeliona shimo lako."

Inasemekana swala ya Abu Wathila ya magharibi siku hiyo ilitulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tumwombe Mola atujaalie kushika jembe wenyewe, kabla ya mti wa jirani kukauka.