Pigo la Somoe

Pigo la tatu lina mwenyewe. Ndivyo Mzee Mbwera, fundi wa ngoma, alivyomwambia mwanafunzi wake Shazili alipomsikia akijaza kimya kinachoachwa katikati ya mdundo. Vijana wakatuliza ngoma zao, wakataka kujua mwenyewe huyo ni nani. Mzee aliwatazama akacheka kidogo, akasema mikono yao ina haraka kuliko masikio yao. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde la Rufiji waliishi wanawake watatu waliotwanga mpunga katika kinu kimoja: Bi Semeni na wake wa wanawe, Mboni na Somoe. Michi mitatu katika kinu kimoja si mchezo, lakini wao walizoeana. Bi Semeni alianza, Mboni akafuata, na Somoe akamaliza kwa pigo zito lililosikika hadi mtoni.

Somoe alifariki siku aliyojifungua. Akaacha mtoto wa kike. Mboni alikuwa akinyonyesha wa kwake, akampokea, lakini kila alipompa ziwa, kichanga aligeuza uso. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa kimekauka, na Mboni akajua kwamba mtoto anamfia mikononi.

Siku hiyo matanga yalianuliwa, na mchele ulikuwa umekwisha. Ikabidi watwange. Lilikuwa jua la utosi, hata kuku wamejificha. Bi Semeni akapiga, Mboni akapiga, kisha kwa mazoea wote wawili wakangoja. Mchi wa Somoe ulikuwa umeegemezwa ukutani. Ndani ya kinu mpunga ukadidimia kana kwamba umepigwa, na pumba zikaruka.

Mboni akashusha mchi wake. "Mama, umeona?"

"Nimeona. Twanga, mwanangu."

Walitwanga hivyo mpaka mchele ukatakata. Mtoto wa Somoe, aliyekuwa mgongoni mwa Mboni, alitulia, na aliposhushwa akanyonya.

Lakini hofu haina shukrani. Kesho yake Mboni alimwita mdogo wake, Havijawa, ashike zamu ya tatu, kwa kuwa hakuweza tena kuutazama mpunga ukididimia wenyewe. Havijawa alipiga mara moja tu. Mchi ukapasuka toka juu hadi chini, akautupa akaenda zake bila kuaga. Mtoto akakataa ziwa mchana kutwa. Alasiri midomo yake ilikuwa imepauka.

Mboni alimfunga mgongoni, akasimama mbele ya kinu.

"Somoe, mwenzangu, nisamehe," akasema. "Nafasi yako hatumpi mtu. Njoo umtwangie mwanao."

Bi Semeni akapiga. Mboni akapiga. Wakangoja, na mpunga ukadidimia. Mtoto akaanza kutafuta ziwa, na Mboni akalia kwa sauti.

Binti huyo alikua, akaolewa. Siku ya harusi yake Bi Semeni aliwataka wapiga ngoma waliache wazi pigo la tatu ili mama mtu naye ashiriki. Tangu hapo kimya kile huitwa pigo la Somoe, na mtu akitaka kukalia nafasi ya aliyeondoka huonywa kwa maneno yale yale.

Mzee Mbwera alimaliza, akawaambia wapige tena. Moja, mbili. Shazili aliinua mkono wake, akauacha juu. Chini ya kiganja chake, bila kuguswa, ngozi ya ngoma ikatetemeka.

Akasema polepole, "Pigo la tatu lina mwenyewe."